Mliotuandikia mfumo wa malipo, nani kawaambia logi hazihitaji kufuli?

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Jumamosi saa nane usiku nimelala zangu Mbagala, simu inaita. Mteja wa Kariakoo anasema kalipa, mwenye duka anasema hela hajaiona. Nafungua logi, yaani faili ambamo mfumo unaandika kila tukio, nakuta mstari huu: "malipo 4471 yamekatalika". Yamekatalika! Yamekataliwa au yamekamilika? Nimekesha mpaka adhana ya alfajiri nalinganisha miamala mmoja mmoja.

Jumatatu nikaufungua msimbo wa hawa jamaa tuliowapa tenda. Umeandikwa kwa Go, lugha ya programu. Logi zinakusanywa kwanza kwenye bafa moja, `bytes.Buffer`, yaani eneo la muda kwenye kumbukumbu, halafu kila baada ya sekunde tano uzi mwingine (siyo huu wa jukwaani, ni kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu) unazimwagia kwenye faili. Wazo lenyewe silipingi, kuandika diskini kila mstari ni gharama. Lakini `bytes.Buffer` haina kufuli, kile kinachozuia wawili wasiiguse kwa wakati mmoja! Logger ya Go, ile inayoandika logi, ndiyo inayo, kila logger na lake, na hawa wametengeneza logger mbili juu ya bafa ileile. Ni choo cha uani chenye milango miwili: wewe umekaza komeo la kwako, mpangaji mwenzio anaingilia wa nyuma.

Na mmwagaji? Huyo hagusi kufuli lolote. Anaita `Bytes()`, anaita `Reset()`, ndipo anaanza kuandika faili. `Bytes()` haikupi nakala, inakuonyesha kumbukumbu ileile ya bafa. Ukishasema `Reset()`, yaani bafa ianze upya, ujumbe mpya unaandikwa juu ya ule ambao bado haujafika diskini; ndivyo unavyopata "yamekatalika".

Nikawapigia. Jibu: "Kaka, ni logi tu, na kwangu inafanya kazi."

Kipimo cha `-race`, kinachonasa nyuzi zinazogombania kumbukumbu moja bila kufuli, kipo tangu Go 1.1, mwaka 2013. Kinapunguza kasi, ndiyo, ila ni cha kwenye majaribio. Nilipokiwasha kikapiga kelele palepale na kutaja mistari yote miwili inayogombana.

Nimerekebisha mwenyewe. Kufuli moja, wanaoandika na anayemwaga wote wanapita hapo. Mmwagaji anachukua bafa iliyojaa, anaacha tupu, anafungua kufuli, ndipo anakwenda diskini taratibu. Haifiki hata mistari thelathini.

Leo asubuhi wametuma ankara ya "maboresho ya mfumo wa logi". Wakuu, nyie mngelipa?