GT-R R35 au Porsche 911 Carrera S? Nashindwa kuamua, naomba ushauri

Mwendo_Mkali:
Wakuu, habari zenu. Nimejibana miaka sita kwa ajili ya gari la kasi, na sasa nimebaki na mawili, yote yameshatumika, yote ya 2010: Nissan GT-R, na Porsche 911 Carrera S (997) ya gia za mkono.

Zote zina injini ya lita 3.8 yenye silinda sita. GT-R ina turbo mbili, inavuta kwa magurudumu manne na nguvu zake zinapita farasi 470. Porsche haina turbo, ina farasi 385 na inasukuma kwa nyuma. GT-R inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde tatu na nusu hivi, mwenzake anachukua karibu tano.

Nimeziendesha zote. GT-R nilipoikanyaga, kichwa kiligonga kiti. Lakini Porsche ndiyo iliyoninyima usingizi. Kila kokoto nililisikia kwenye usukani. Kinachonitisha ni hizi habari za Porsche kuua injini kwa sababu ya beringi, na GT-R kula giaboksi. Nitaendea kazini, na mara mojamoja kwenye uwanja wa mbio. Nisaidieni.

Spana_Kumi:
Mkuu, hiyo beringi ni ya shafti ya kati, ugonjwa wa 996 (911 iliyotangulia 997) na 997 za mwanzo. Injini iliyoingia na toleo la 2009 haina shafti hiyo kabisa, kwa hiyo ya 2010 usiihofie kwa hilo.

Hofia gia za mkono. Mtu yuko gia ya tano, anataka ya nne, kwa papara anaingiza ya pili. Magurudumu yanaizungusha injini kupita kiwango chake na hakuna kifaa cha kuzuia. Ila kompyuta ya injini inaandika kila tukio la namna hiyo, na injini ilikuwa imeshatembea saa ngapi lilipotokea. Omba isomwe mbele yako. Muuzaji akigoma, achana naye.

KonaKali:
Nina R35 mwaka wa nne. Ni kweli za mwanzo zilivunja gia, watu walikuwa wanazima VDC (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze) halafu wanaondoka kwa launch control (mfumo wa kuondoka kwa kasi ya juu kabisa), mpaka Nissan wakabadilisha programu. Siku hizi kinachoiua ni oili.

Aliyeniuzia aliapa kwamba oili ya giaboksi ni mpya. Fundi alipoifungua ilitoka nyeusi, na sumaku imejaa unga wa chuma, mzito, ukiusugua kati ya vidole unakwaruza. Nilikaa miezi mitatu bila gari. Kwa hiyo usikubali maneno, taka risiti, na oili iwe ile iliyotengenezwa kwa giaboksi hiyo.

Breki_Kwanza:
Hizo sekunde mnazipa uzito kupita kiasi. GT-R ina kilo zaidi ya 1,700, Porsche iko kwenye 1,430 hivi. Kilo 300 hizo uwanjani zinalipwa na matairi na breki, kila mzunguko.

Porsche nayo ina tabia yake. Injini imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, ukiingia kona kwa kasi ukashtuka na kuachia mafuta ghafla, mkia unataka kukupita. Tafuta mwalimu kabla ya kwenda uwanjani, ndugu yangu, nakuomba sana.

Halafu soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2216 maana yake wiki ya 22 ya 2016. Tairi linaweza kuwa halina kipara hata kidogo, kumbe mpira umeshakauka.

Mwendo_Mkali:
Asanteni sana wakuu. Nimewapigia wauzaji wote wawili leo. Wa GT-R anasema oili ya giaboksi haibadilishwi, imewekwa kiwandani ya maisha. Huyo nimemuaga. Wa Porsche amekubali kompyuta isomwe, tunakutana Jumamosi asubuhi.

Spana_Kumi:
Ufike kabla hajaiwasha. Injini ikiwa ya baridi ndipo utasikia kelele zinazojificha ikishapata moto.