Naomba ushauri: ukurasa unaonekana haraka lakini haugusiki, nihame React?

Kinyonga24: Wakuu, habari zenu. Nina mfumo wa bidhaa nilioujenga kwa React, ile maktaba ya JavaScript ya kuchora kurasa; ndani yake kuna ukurasa wa orodha wenye kisanduku cha kutafutia. Kwenye simu za watumiaji unatokea haraka, lakini ukigusa haujibu. Mtu anaandika herufi tatu, anasubiri, kisha zinatokea zote kwa mkupuo. Nilishahamishia uchoraji kwenye seva, HTML inafika imekamilika, hali ni ileile. Niachane na React niandike upya kwa kitu chepesi? Usingizi sipati.

MamaFonti: Mdogo wangu, anza na picha. Mimi ile kubwa ya juu niliiwekea loading="lazy", kivinjari kikawa kinaichelewesha ndiyo hiyohiyo mtu anayoisubiri. Nikaitoa, nikaweka fetchpriority="high" ili ipakuliwe mapema. Andika pia width na height, ukurasa usirukeruke.

BwanaDiv: Vijana mnakimbilia maktaba mpya kabla ya kufungua zana za kivinjari. Orodha ina mistari mingapi?

Kinyonga24: Dada, picha hakuna. Mistari ni mingi kiasi.

BwanaDiv: Mingapi?

Kinyonga24: 6,200, yote kwa mara moja. Lakini siwezi kuchora inayoonekana tu, watumiaji wanatafuta neno ukurasani kwa Ctrl+F na hawataipata iliyobaki. Tena Lighthouse, kile chombo cha kupima kasi ya kurasa, inanipa 98 kati ya 100, kwa hiyo tatizo ni React. Bosi nimeshamwambia naandika upya, nimeanza wiki iliyopita.

Chujio: Seva ikishachora, JavaScript lazima ipite tena mistari yote 6,200 kuiamsha, yaani kuifanya iitikie mguso. Ndiyo maana jicho linaona ukurasa na kidole hakipati kitu. Hiyo ya Ctrl+F ina dawa ya CSS, yaani maelekezo ya mwonekano wa ukurasa: content-visibility: auto pamoja na contain-intrinsic-size. Kivinjari kinaacha kupanga na kuchora kilicho nje ya skrini, lakini maandishi yanabaki yakitafutika. Chrome inayo tangu 2020, Firefox na Safari zimeipata 2024, ingawa kwenye Safari za mwanzo Ctrl+F ilikuwa haiyapati maandishi hayo.

Pikseli7: Samahani, mimi naona hii ni hadithi ya kutunga. Mistari 6,200 inaamshwa, simu zinaganda, na bado 98? Haiwezekani. Watu wanatumia muda wao kukusaidia.

BwanaDiv: Hata mimi hiyo 98 imenikaa vibaya. Weka picha ya kipimo.

Kinyonga24: Situngi, naapa. Nimerudi kuangalia. Orodha inahitaji nenosiri, na kipimo kilikuwa kinaishia kwenye ukurasa wa kuingia. 98 ni ya fomu yenye visanduku viwili.

Pikseli7: Nimekuelewa, nisamehe. Ingia kwanza, fungua Performance kwenye zana za kivinjari, punguza kasi ya CPU mara 4, andika herufi moja.

Kinyonga24: Kazi moja ya milisekunde 1,900. Karibu yote ni mistari kuchorwa upya.

Chujio: Kivinjari kinaita kazi ndefu kuanzia milisekunde 50, na INP nzuri, yaani muda wa ukurasa kuitikia mguso, haizidi 200. Kila herufi inabadilisha hali (state, data ambayo React inafuatilia) iliyo juu ya orodha nzima, kwa hiyo mistari yote inachorwa upya. CSS peke yake haitaliponya hilo. Funga kila mstari kwa memo ili usichorwe upya bila sababu, na neno la kutafuta lipitishe kwenye useDeferredValue, inayoruhusu orodha ichelewe kidogo, ipo tangu React 18. Kisanduku kitajibu kwanza, orodha itafuata. Na kama mstari hauna kazi zaidi ya kubonyezwa, usiuamshe kabisa: msikilizaji mmoja wa mibonyezo kwenye mzazi, yaani kwenye kisanduku kinachobeba orodha nzima, anatosha.

Kinyonga24: Asante mkuu. Lakini uandishi mpya nimefika nusu, na bosi anausubiri. Kuuacha sasa itakuwa aibu.

MamaFonti: Hiyo nusu inachora mistari mingapi, mdogo wangu?

Kinyonga24: Yote 6,200. Kwenye simu bado sijaijaribu.