Naomba ushauri: soketi ya kibodi ya kompyuta ya zamani, waya gani uende wapi?

Kijana_wa_Kadutu
Jambo wote. Niko Bukavu. Nina kompyuta ya zamani, 486, ile ya boksi la kulala chini ya skrini. Soketi ya kibodi nyuma, ile ya duara yenye matundu matano, ilivunjika. Nimepata nyingine inayofanana, ila miguu yake haiingii kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani, kwa hiyo nataka kuiunganisha kwa waya. Swali ni moja tu: kila tundu ni la nini? Nataka jibu kabla ya Jumamosi. Tafadhali msiniulize mengi.

Papa_Transfo
486! Ndugu, hiyo iuze kwa kilo. Nyawera pale unapata laptopu ya okazyo, kibodi imo ndani, hakuna cha soketi wala nini.

Ruzizi_Mbili
Tumia kibodi ya USB. Imeisha hiyo.

Fundi_Saa_Kumi
USB uichomeke wapi, Ruzizi? Mashine hiyo haina tundu la USB hata moja.

Kijana, soketi yako ni ile ile ya kompyuta ya IBM AT ya mwaka 1984. Pini 1 ni mapigo ya saa, 2 ni data, 3 kwa kawaida haitumiki, 4 ni masi, yaani upande hasi wa umeme, 5 ni volti 5. Lakini shika hili: namba hazifuatani. Ukilifuata lile tao kutoka upande mmoja unakutana na 1, 4, 2, 5, 3. Na ukiigeuza soketi utazame upande wa kulehemu, picha yote inageuka kama uso kwenye kioo. Hapo ndipo vijana wengi wanaunguza vitu.

Sasa na miye nina swali. Haraka ya nini, na kwa nini hutaki kuulizwa? Umeshalehemu?

Kijana_wa_Kadutu
Bado. Yaani, kuna waya za majaribio.

Fundi_Saa_Kumi
Waya za majaribio zimelehemiwa?

Kijana_wa_Kadutu
Zimelehemiwa. Nikawasha mara moja tu. Taa tatu za kibodi zikamulika, ikaja harufu kidogo, si moshi. Skrini inasema kuna kosa la kibodi, eti nibonyeze F1 ili niendelee.

Papa_Transfo
Kibodi haipo, bonyeza kibodi! Ni kama yule shemeji aliyenipigia simu kuniambia simu yake imekufa.

Yaya_Solange
Hiyo harufu naijua. Mwaka 1998 nilikuwa naandika barua kwenye ofisi moja ya Uvira. Mkubwa wetu akaamua kusafisha kompyuta mwenyewe, kwa brashi ya viatu. Kuna plagi mbili za umeme zinazokaa pamoja kwenye madabodi za aina hiyo, P8 na P9. Sheria ni waya nyeusi zikutane katikati. Yeye akazipanga nyeusi nje, eti ndivyo zilivyopendeza. Akawasha. Tangu siku hiyo tukarudia taipureta, na yeye mpaka anastaafu alisema ni radi.

Kijana_wa_Kadutu
Aksanti yaya, lakini P8 na P9 sikuzigusa. Fikira yangu ni kwamba fyuzi imekufa. Nimeshanunua kipande cha waya wa shaba nikiunganishe pale pale. Rafiki yangu alifanya hivyo kwa redio ya gari, inaimba mpaka leo.

Fundi_Saa_Kumi
Weka huo waya chini kwanza. Fyuzi ilikufa ili madabodi isife. Ukiweka shaba na kosa bado liko pale pale, safari ijayo vitaungua vile vijia vyembamba vya madabodi, na hakuna duka linalouza vijia.

Mama_wa_Essence
Mwanangu, unasema "nina kompyuta". Ni yako? Kijana wa siku hizi ananunua 486 ya nini?

Kijana_wa_Kadutu
Ni ya baba mdogo.

Mama_wa_Essence
Anajua?

Kijana_wa_Kadutu
Yuko Kinshasa, anarudi Jumamosi. Aliniachia nyumba niilinde. Tulikuwa tunatazama mpira sebuleni, rafiki mmoja akarukia goli, mguu ukanasa kwenye kamba ya kibodi. Ndani yake kuna madeni yote ya watu anaonunua kwao kahawa kule Idjwi. Hana daftari lingine. Sasa mnaelewa kwa nini sikutaka maswali.

Mama_wa_Essence
Mpigie simu leo. Mzee akikuta kitu kimevunjika anakasirika siku tatu. Akikuta umekificha, ataongea mpaka kwenye harusi yako.

Papa_Transfo
Wenye madeni kule Idjwi wakisoma hapa, watakuchangia ununue waya mwingine wa shaba.

Ruzizi_Mbili
Ngojeni kidogo. Huyu anatutungia. Fundi amesema upande wa kulehemu unageuka kama kioo. Nimechora kwenye karatasi. Ukigeuza 1, 4, 2, 5, 3 unapata 3, 5, 2, 4, 1. Maana yake masi na volti 5 zimebadilishana nafasi, data imebaki katikati. Kibodi iliyopewa umeme kinyume itamulikaje taa tatu? Kama alilehemu sawasawa, harufu ilitoka wapi? Mara kompyuta ni yake, mara ya baba mdogo. Kesho atatuomba pesa za dawa.

Papa_Transfo
Kumbe Ruzizi anajua kuchora! Na ile USB yako je?

Yaya_Solange
Ila na miye nilishangaa. Sebule nzima, na mtu anarukia kamba ya kibodi?

Kijana_wa_Kadutu
Sijaomba hata faranga. Taa zilimulika Jumanne, nilipoishikilia ile soketi ya zamani kwa kidole. Harufu ni Jumatano, baada ya kulehemu, na siku hiyo taa hazikuwaka. Nilichanganya siku. Silali, jamani.

Fundi_Saa_Kumi
Hapo sasa hadithi inakaa. Jumanne kibodi ilikuwa nzima. Jumatano umeilisha umeme kinyume, fyuzi ikaondoka, na huenda kibodi imeondoka nayo. Usiazime ya jirani kwanza, utaua ya pili.

Chomoa mashine ukutani. Mita ya fundi iweke kwenye kipimo kile kinachotoa mlio ncha zikiungana. Ncha moja kwenye waya mweusi wa boksi la umeme, nyingine pitisha kwenye matundu ya madabodi: linalolia ndilo masi. Fanya hivyo na waya mwekundu: linalolia ni volti 5. Kama nyekundu hailii popote, tafuta karibu na soketi kitu kama rezista ndogo, mara nyingi pameandikwa F1. Ndiyo fyuzi. Nyingine ya kipimo kile kile utaing'oa kwenye madabodi mfu kwa wauza vyuma. Namba 2 iko katikati, kwa hiyo zinabaki 1 na 3: hizo ukizibadilisha haziunguzi kitu, kibodi inanyamaza tu.

Na kama unachotaka ni yale madeni, diski inaweza kutolewa na kusomwa kwenye laptopu kwa adapta.

Kijana_wa_Kadutu
Hapana, muzee anataka awashe aone alivyoiacha. Diski siigusi.

Fundi_Saa_Kumi
Sawa. Kuna betri ya pipa dogo pale ndani? Imetapika kijani?

Kijana_wa_Kadutu
Ipo, safi. Nimepima: nyeusi inalia, nyekundu kimya. F1 nimeiona, ni ya kijani. Kesho asubuhi nashuka sokoni.

Fundi_Saa_Kumi
Vizuri. Hiyo soketi mpya uliitoa wapi, lakini? Siku hizi hazionekani. Kuna za matundu matano ambazo tao lake limetanuka, plagi haiingii.

Kijana_wa_Kadutu
Iliingia bila shida.

Fundi_Saa_Kumi
Nimeuliza wapi.

Kijana_wa_Kadutu
Redio ya koko wangu. Nyuma kulikuwa na tundu la kaseti ambalo hakuwahi kulitumia.

Mama_wa_Essence
Yesu wangu.

Kijana_wa_Kadutu
Narudi baadaye. Ananiita, ameigeuza redio.