Mwanangu hatulii darasani, nami nilikuwa hivyohivyo. ADHD, hali ya kushindwa kutulia na kuzingatia, inawapata watu wangapi?

Mama Tunu: Wadau, habari za jioni. Mwanangu ana miaka 8, yuko darasa la pili hapa Dar. Akili anayo, hadithi ukimsimulia mara moja anairudia yote. Lakini kazi ya daftarini haimalizi, penseli zinapotea kila siku, na mwalimu kaniambia nimpeleke akaombewe. Shangazi yake anasema ni deko. Nimesoma kuhusu ADHD nikashtuka, maana niliona kama wananielezea mimi. Hali hii ni ya watoto wachache tu? Na mtu mzima wa miaka 34 anaweza kuwa nayo?

Ticha wa Songea: Pole dada. Tafiti zilizojumlisha nchi nyingi zinataja watoto kama 5 hadi 7 katika kila 100. Darasa langu lina watoto 82, kwa hiyo huenda wanne au watano wanakaa mbele yangu kila siku. Miaka yangu ya mwanzo niliwachapa kwa utukutu, na mpaka leo linaniuma. Tena kuna binti anayekaa kimya anatazama dirishani, huyo hakuna anayemshtukia. Wavulana hugundulika karibu mara mbili ya wasichana, na sababu mojawapo ni hiyo.

Mzee wa Pwani: Mbona Marekani ndiyo wamejaa? Kwetu watoto walikuwa watundu tu.

Nesi Zai: Shikamoo mzee. Marekani mwaka 2022, asilimia 11.4 ya wenye miaka 3 hadi 17 walikuwa wamewahi kuambiwa wana ADHD. Kule mtoto hupelekwa kupimwa mapema. Huku wengi hawafiki kwa daktari, wanabaki na jina la mtukutu.

Dada, watu wazima wanaokidhi vigezo ni kama 2 au 3 kwa 100, na hali hii inarithiwa sana. Kwa mtu mzima kukimbiakimbia hupungua, ila kuahirisha mambo, kusahau miadi na kutotulia moyoni hubaki. Usijipe jibu mwenyewe lakini. Daktari ataangalia kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, kama zimedumu miezi sita, na kama zinaonekana nyumbani na shuleni pia. Mtoto apimwe masikio na macho kwanza, na useme kama aliwahi kupata degedege au malaria kali. Anzia hospitali ya mkoa, uulize kitengo cha afya ya akili.

Mama Tunu: Asanteni sana. Nimempigia mama kijijini kumuuliza utoto wangu ulikuwaje. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba yako naye alikuwa hivyo. Walimtoa shule darasa la nne." Jumatatu tunaenda hospitali wote wawili. Leo tumeandika mistari mitano, akakimbia mpaka getini na kurudi, tukaandika mitano mingine. Ukurasa umeisha.