Tupeane uzoefu: mguu umefungwa hogo, ligi zimelala, runinga haina kitu

Mguu_Juu: Wakuu, leo siku ya 19 niko chali, mguu juu ya mito mitatu. Nilikosea ngazi moja tu, tena ya mwisho, nikidhani nimeshafika chini. Kifundo kikalia kama ukuni. Wiki 6 za hogo. Maumivu yalipungua wiki ya kwanza, balaa ni huu uchovu wa kutofanya kitu. Ligi zimefungwa tangu Mei, mpaka Agosti hakuna mpira. Asubuhi marudio ya jana usiku, mchana marudio ya asubuhi, usiku wachambuzi wanne wanamjadili mchezaji ambaye hata hajasaini. Jana nimetazama tangazo la kikaango kisichoshika yai, nusu saa nzima, na lilipoisha nikasikitika. Mliopita huku mlipitaje?

Kifuniko: Lile yai linateleza lenyewe mpaka kwenye sahani? Nimeliota hilo.

MamaPacha: Pole kaka. Mimi ilikuwa kano ya kisigino, ilikatika paa nikageuka kuona nani kanipiga teke, hakuna mtu. Nilichoponea ni mbio za baiskeli za Ufaransa, Tour de France, mwezi wa Julai. Hatua 21, wiki tatu, masaa matano hivi karibu kila siku. Siku ya kwanza nilicheka, wanaume wazima wanakanyaga pedeli tu. Wiki ya pili nikawa namgombeza mume wangu akipita mbele ya runinga. Jezi ya manjano ni ya mwenye muda mdogo kwa jumla, siyo lazima ashinde hatua. Froome, huyu mzaliwa wa Nairobi, mwaka 2017 alitwaa bila kushinda hatua hata moja. Ile ya nukta nyekundu ni ya mpanda milima. Usiniulize kwa nini bado nakumbuka.

Kitasa: Baiskeli ni cha mtoto. Juni 2010, muundi umevunjika, hogo kutoka vidoleni mpaka pajani. Binamu yangu katoka na rimoti mfukoni, runinga imebaki kwenye tenisi ya Wimbledon, Isner na Mahut. Nikasinzia, nikaamka, bado. Nikaletewa chakula, nikala, bado. Ubao wa matokeo wenyewe ulikwama kwenye 47-47. Giza likaingia wakaahirisha. Mchezo mmoja, siku 3, jumla saa 11 na dakika 5, seti ya mwisho 70-68.

Refa_Mstaafu: Hiyo chai mkuu. Juni 2010 Kombe la Dunia lilikuwa Afrika Kusini, wewe unatazama tenisi?

Kitasa: Soma tena. RIMOTI ILIONDOKA. Na kwa kuwa umelitaja Kombe la Dunia, ngoja nimalizie. Julai 2, rimoti imerudi. Ghana na Uruguay, 1-1, dakika ya mwisho ya nyongeza. Suárez wa Uruguay anazuia mpira kwa mikono mstarini, nyekundu, penati. Gyan wa Ghana anaweka mpira. Mimi nikasahau nina mguu mmoja. Nilishasimama juu ya kochi, mikono hewani, nashangilia kabla hajapiga. Mpira ukagonga mwamba. Sijui nilianguka vipi, nilisikia hogo likisema kwaa. Hospitali daktari akauliza, "Umeteleza wapi?" Nikamwambia, "Gyan." Akavua miwani, akakaa kimya kama tuko msibani. Picha ikaonyesha mfupa umesogea. Wiki zikaanza upya.

Kifuniko: "Gyan" 😂😂 nimekufa

Refa_Mstaafu: Suárez alikula nyekundu, adhabu ikatoka. Sheria ilifuatwa.

MamaPacha: Mwizi akifungwa, mali imerudi?

Kitasa: Na Gyan huyohuyo akapiga ya kwanza ya Ghana kwenye matuta, akafunga. Moyo ule! Tukatolewa 4-2.

Mguu_Juu: Jamani, uzi ni wa mguu wangu. Ndani ya hogo panawasha mpaka machozi.

Kifuniko: Ingiza kijiti cha mwavuli, raha yake haielezeki.

Nesi_wa_Zamu: USIINGIZE. Utachubuka, kidonda kitaoza humo na hutakiona. Puliza kwa mashine ya kukaushia nywele, hewa ya baridi, siyo ya moto. Mguu uwe juu kuliko moyo, vidole uvichezeshe. Vikifa ganzi au kugeuka bluu, au shavu la mguu likiuma na kuvimba, usisubiri asubuhi. Damu inaweza kuganda.

Kitasa: Mimi niliambiwa nisichezeshe chochote.

Nesi_wa_Zamu: Wewe ulisimama juu ya kochi.

Refa_Mstaafu: Zima runinga, lala.

MamaPacha: Analala siku ya 19, umesikia?

Mguu_Juu: Hewa ya baridi imesaidia, asante dada nesi. Halafu MamaPacha, nimezikuta hizo baiskeli. Kuna mmoja kaachwa nyuma peke yake mlimani, anatapika huku anakanyaga. Zimebaki kilomita 9 na picha yake wamekata. Kafika?