NYUMBA YA BABU NGAMIANI: suala la filta

*Jumatano*

Dada Zuhura 17:48
Asalaam alaykum ukoo. Honda ya Babu iko ukumbini tangu jana, oili imeshamwagwa, fundi anataka filta. Duka la Barabara ya 10 wana aina tatu, picha hizo hapo. Chagueni. Saa kumi na mbili na nusu wanafunga.

Dada Zuhura 18:02
Tiki za bluu naziona.

Idi 18:05
Ya katikati imekaa vizuri

Dada Zuhura 18:05
Vizuri kivipi? Umepima?

Idi 18:06
Kwa macho

Mwanaisha 18:08
Wekeni kifumbu cha mama cha kukamulia tui 😂

Idi 18:08
🤣🤣 Ikifika Pongwe inanukia wali

Dada Zuhura 18:10
Chekeni. Jumamosi dawa za Bibi zitafikishwa Muheza na kifumbu? Ya tatu muuzaji anasema inaingia pikipiki zote. 15,000. Aliyechanga ni Mwanaisha na mimi. Wengine?

Baba Mdogo Hamza 18:40
Inaingia zote maana yake haiingii popote. Pikipiki ile nimekaa nayo mimi. Ningeulizwa. Ila hata siku inatolewa kwangu hakuna aliyeniuliza.

Dada Zuhura 18:41
Shikamoo Baba Mdogo. Tunazungumzia filta.

Baba Mdogo Hamza 18:47
Marahaba. Na mimi nazungumzia filta. Kwangu haikuwa na moshi. Jumanne kaenda nayo arusini Korogwe, ikarudi juu ya Fuso.

Jumanne 18:49
_Ujumbe huu umefutwa_

Mwanaisha 18:49
Tumeshausoma 👀

Jumanne 18:52
Ile ilikuwa cheni

Baba Mdogo Hamza 18:55
Cheni haitoi moshi mwanangu.

Salimu Fundi 20:26
Nilikuwa chini ya gari. Hiyo si CG125?

Dada Zuhura 20:26
Ndiyo! Salimu tuokoe, tuchukue ipi?

Salimu Fundi 20:27
Hata moja

Salimu Fundi 20:31
CG125 haina filta ya karatasi. Ni injini ya tangu 1976, vali zinasukumwa na fimbo. Ukifungua kava la kulia, upande wa klachi, kuna kisahani kwenye ncha ya krankshafti. Kinazunguka na injini, uchafu mzito unatupwa pembeni unaganda humo. Hakibadilishwi, kinaoshwa. Toeni kifuniko chake mtakuta tope jeusi kama lami. Likwanguliwe, kioshwe na petroli. Fundi atumie bisibisi inayokaa sawasawa, zile skrubu zinakufa kichwa upesi.

Mwanaisha 20:33
Kwa hiyo kifumbu nilikosea wapi

Salimu Fundi 20:34
😂 Hukukosea sana. Kuna na wavu wa waya, nao unachomolewa unaoshwa. Una springi nyuma, ikiruka usiku msiitafute.

Salimu Fundi 20:38
Cha kununua ni gasketi ya kava, hiyo ya zamani itachanika tu. Pikipiki nyingi za Kichina zimeiga injini hii hii kwa hiyo zipo. Lakini nendeni na ya zamani mkononi, ilazwe juu ya mpya, matundu yote yalingane. Na oili iwe ya pikipiki, si ya gari, klachi inaogelea humo humo. Lita moja haiishi.

Idi 20:41
Mimi ya katikati nimeshanunua

Dada Zuhura 20:41
IDI. Nani kakutuma?

Idi 20:42
Si ulisema wanafunga

Baba Mdogo Hamza 20:50
Pesa ya watu irudishwe. Isiwe kama turubai.

Dada Zuhura 20:51
Baba Mdogo, turubai lisiingie hapa.

Baba Mdogo Hamza 20:53
Mwaka wa nne huu halijaingia popote.

Rukia Muheza 21:15
Nimemsomea Bibi zote. Anasema niandike hivi hivi: Honda ni ya Mzee, na Mzee kafa hajaigawa. Hamza aache kuidai. Jumanne asiiguse mpaka aje nimuone. Kile kisahani Mzee alikuwa anakiosha mwenyewe, kwenye karai langu la kufulia, nikigomba kila mara. Leo mnachangishana filta?

Mwanaisha 21:16
Shikamoo Bibi 🙏

Jumanne 21:30
Nimesikia Bibi

Baba Mdogo Hamza 22:04
Sawa mama.

Dada Zuhura 22:10
Basi Idi kesho arudishe filta achukue gasketi. Salimu uje Ijumaa ufunge.

Salimu Fundi 22:12
Ijumaa niko Handeni. Fundi wenu anaweza, ila asijaze silikoni badala ya gasketi. Ikimenyekea ndani inaziba njia za oili.

Dada Zuhura 22:13
Ni hii nyekundu iliyotokeza pembeni mwa kava?

Salimu Fundi 22:13
Hiyo hiyo. Nani alifungua mara ya mwisho?

Jumanne 22:15
_Ujumbe huu umefutwa_

*Alhamisi*

Dada Zuhura 07:02
Idi umeshakwenda?

Dada Zuhura 12:20
Idi

Idi 16:39
Hawarudishi pesa, wanasema nichague kitu kingine. Nichague nini?

Dada Zuhura 16:39
GASKETI

Idi 16:44
Hawana mpaka mzigo uje. Kuna saiti mira nzuri hapa

Mwanaisha 16:45
Chukua 😂

Dada Zuhura 16:45
Usichukue! Uliza Chuda kwanza.

*Ijumaa*

Mama Asha 05:40
🌹 Ijumaa Karim ndugu zangu. Allah atupe wepesi katika kila jambo 🌹

Dada Zuhura 06:15
Amin. Idi, gasketi imepatikana?

Idi 09:12
Chuda sijafika. Nimechukua kioo kimoja, cha kulia

Dada Zuhura 09:13
Hasbunallah. Dawa za Bibi kesho anapeleka nani?

Jumanne 11:50
Nipeni mimi. Si nimeambiwa nikaonekane

Dada Zuhura 11:51
Kwa basi, Jumanne.