Mjadala: Nyumba za Mji Mkongwe zizidi kugeuzwa hoteli, au sasa basi?

Mtoa mada

Assalaam alaykum wakuu. Msimu wa wageni umeshika kasi na vichochoroni Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe hapa Zanzibar, watu wanapita kwa kupishana mabega, basi nimeona nilete hili.

Sina ugomvi na wageni. Anayekuja Unguja kutembea ana mengi ya kuona: asubuhi mnada wa samaki Darajani, mchana kanisa la Mkunazini lililojengwa penye soko la watumwa lililofungwa 1873, jioni Forodhani, vijana wanajirusha baharini huku moshi wa mishikaki unapanda. Tatizo langu ni kwamba anakuja kuona mji, na mji wenyewe unahama.

Pita Shangani usiku utazame juu. Madirisha yenye taa ni ya vyumba vya kulipia. Nyumba iliyokuwa na familia tatu sasa ina mapokezi, na baraza waliyokuwa wakikaa wazee imepangwa vyungu vya maua ili mtu asiketi. Mtoto aliyezaliwa humo yuko Fuoni au Bububu, anakuja mjini kwa daladala kutandika vitanda katika nyumba ya babu yake.

UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, sifa iliyotajwa ni mji wa biashara wa Waswahili, uliochanganya Afrika, Uarabuni, India na Ulaya. Huo ni mchanganyiko wa watu. Kuta peke yake hazichanganyi kitu. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 1.89 visiwa vyote. Nasema leseni mpya za hoteli ndani ya Mji Mkongwe zisimame. Anayetaka kujenga, nje kuna nafasi.

Mrithi wa nyumba, Kiponda

Ndugu yangu mtoa mada, maneno matamu, lakini hujaniambia nani atalipa. Nyumba yetu ina warithi Muscat, Dubai na hapa hapa. Wa Muscat anataka iuzwe, wa Dubai hapokei simu. Ghorofa ya juu hatulali tena, dari imebonyea, tumeweka ndoo tatu. Amekuja mtu wa hoteli na pesa taslimu, wewe unaniambia nikatae kwa ajili ya baraza?

Na Beit al-Ajaib ilikuwa hoteli? Jumba la Sultan Barghash la 1883, mali ya serikali, mbele ya macho ya kila mtu. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja ukaporomoka ukaua watu wawili, nayo ikiwa mikononi mwa mafundi, kwa msaada wa Oman. Ikiwa lile limeshindikana, mimi mwenye ndoo tatu nifanyeje?

Fundi

Naomba niwatoe kwenye hoteli niwapeleke kwenye maji, maana ndiyo yanayoangusha.

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa inanyonya unyevu kisha inautoa. Dari imebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Nyumba ya kukaa familia ilikuwa na choo kimoja, viwili. Ikigeuzwa hoteli kila chumba kinataka bafu lake, tangi linapandishwa juu, kila kiyoyozi kinadondosha maji ukutani mchana na usiku.

Niliitwa hoteli moja kutafuta bomba linalovuja. Nje ukuta ulikuwa mweupe, safi, umepigwa plasta ya saruji. Nikachimbua mpaka penye kichwa cha boriti, nikagusa kwa bisibisi, ikazama mpaka mpini. Saruji ilikuwa imeyafungia maji ndani. Juu yake mgeni alikuwa amelala.

Sasa msinishangilie, maana nyumba za familia zinapigwa saruji hiyo hiyo. Chokaa ya kuloweka inataka miezi kabla hujaitumia. Saruji unanunua asubuhi, jioni umemaliza kazi. Mie ningesema hivi: leseni itoke, lakini kwa masharti. Ukuta upigwe chokaa, tangi likae chini, idadi ya mabafu ijulikane, na hoteli ikaguliwe kila mwaka, si siku ya kufungua tu. Masharti mengine yapo kwenye makaratasi tangu zamani. Anayepanda ngazi kwenda kuangalia ndiye haonekani.

Mtembeza wageni

Mnasahau kitu kimoja. Mgeni wa Nungwi au Kendwa analetwa mjini na basi asubuhi, alasiri karudi fukweni. Kapiga picha milango, kanunua kipakiti cha karafuu, chai kanywa hotelini kwake. Anayelala mjini ndiye anayekula urojo, ndiye anayekodi mashua kwenda kisiwa cha Changuu, ndiye anayerudi kwa muuza vitambaa mara ya pili. Ukifunga vyumba vya mjini utabaki na watu wa basi.

Ila na mimi juzi mgeni kaniuliza kama humu ndani wanakaa watu au ni wafanyakazi tu. Ikabidi nimpeleke mtaa wa Malindi, humu humu Mji Mkongwe, aone nguo zimeanikwa.

Msomaji, Lamu

Sisi huku Lamu tuliingia orodha hiyo ya Urithi wa Dunia 2001, na kijijini Shela nyumba nyingi zimenunuliwa na Wazungu. Zimetengenezwa vizuri mno, chokaa tupu, fundi wa hapo juu angefurahi. Sehemu kubwa ya mwaka zimefungwa. Kijana wa Shela akitaka kuoa, kiwanja cha kujenga hakipati kwa bei ile. Hoteli angalau ina taa.

Msomaji, Italia

Venice mwaka 2024 walianza kuwatoza wageni wa siku moja euro 5 katika siku maalumu. Wakaazi wa mji wa kale walikuwa wameshashuka chini ya 50,000 wakati huo. Ada imekuja watu wameshaondoka.

Mtoa mada

Nimewasoma wote. Mrithi, sikukatazi kuuza chako. Lakini Mji Mkongwe una nyumba nyingi za serikali, na nyumba za wakfu, ambazo hazina mrithi wa Dubai. Hizo ndizo nashikilia zisitoke mikononi mwa wapangaji, na mtembeza wageni vyumba vyake vilivyopo vinamtosha. Hoteli zilizopo zilipe mfuko wa kutengeneza nyumba za wakaazi. Fundi kishatuambia tuanzie wapi.

Mrithi wa nyumba, Kiponda

Mfuko, sawa. Ukishaundwa, mwambie mwenye kuushika aje Kiponda apande ngazi, avue viatu maana ghorofa ya juu pamelowa. Boriti ninazotaka ni nane. Chokaa naloweka mwenyewe kuanzia kesho, na mtu wa hoteli nimempa mpaka baada ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani.